Kwa nyie mnaoanza kuhudumia wazee na kufundisha wengine: anzeni na wiki mbili zilizopita

Habari zenu wadogo zangu. Najua wengi mnaoingia huku hamkuchagua, mmepangiwa tu, umeambiwa kuanzia jumatatu uko wodi ya wazee na baada ya muda utasaidia kufundisha wanaokuja nyuma yako. Mimi nimekaa sana kwenye hii kazi, nimefundisha manesi, madaktari wanafunzi, watu wa famasi na wa mazoezi ya viungo, na kama kuna swali moja ningetaka kila mmoja wenu aingie nalo wodini basi ni hili: wiki mbili zilizopita huyu mzee alikuwa anaweza kufanya nini?

Anaumwa nini mtauliza tu, hilo mmefundishwa miaka. Ila kwa mzee ugonjwa mara nyingi hauji na sura mliyoisoma. Nimonia inakuja bila homa, mshtuko wa moyo unakuja bila kifua kuuma, na ndugu waliomleta wanachosema ni kwamba ameacha kula, au ameanguka mara mbili, au haeleweki anachoongea. Sasa kama hujui alikotoka utaandika "uzee" utaendelea na kitanda kinachofuata. Lakini ukiambiwa juzi tu alikuwa anaoga mwenyewe na kuvaa mwenyewe na leo hawezi hata kukaa, hapo unajua kuna kitu kimetokea na kinatafutwa leo leo.

Niwaambie kilichonifundisha. Kuna bibi wa miaka 84 aliletwa akiwa kimya, analala mchana kutwa, ukimwita anafungua macho anayafunga. Kwenye faili kulishaandikwa dimenshia, yaani akili na kumbukumbu kufifia uzeeni, na mimi nikalinakili vilevile kwenye maelezo yangu, sikuuliza mtu. Hakuwa anasumbua, hapigi kelele, hachomoi dripu, kwa hiyo raundi tunampita haraka. Siku ya tatu akaja mjukuu wake, akasimama pale miguuni pa kitanda akatuuliza bibi yuko hivi tangu lini, maana jumapili iliyopita alikuwa anamsomea gazeti. Nilisikia baridi mwilini. Nikafunua shuka nikaweka mkono chini ya kitovu, pagumu kama mpira uliojazwa upepo. Mkojo ulikuwa umeziba, choo hajapata siku sita, na nyumbani alikuwa amepewa vidonge vya mafua vya aina ya klofenilamini vinavyokausha mwili na kuvuruga akili ya mtu mzima sana. Tulipoweka mpira wa mkojo ilitoka zaidi ya lita moja. Vile vidonge tukavisimamisha, choo tukakishughulikia, mpira wenyewe tukautoa mapema kabla haujaleta maambukizi, na siku ya pili yake asubuhi akauliza miwani yake iko wapi.

Ile haikuwa dimenshia, ilikuwa deliriamu, yaani akili kuvurugika ghafla kwa sababu ya ugonjwa au dawa, na ile ya kimya ndio tunaikosa zaidi kuliko ya kelele. Ishike hivi: dimenshia inakuja taratibu kwa miezi na miaka, deliriamu inakuja kwa saa au siku, inapanda na kushuka, asubuhi yuko sawa jioni hayupo, na kitu cha kwanza kupotea ni umakini. Mwambie ataje miezi kuanzia desemba kurudi nyuma. Hilo ni moja ya maswali ya kipimo cha deliriamu kinachoitwa 4AT ambacho hakimalizi hata dakika mbili, na kipo kingine cha CAM kilichotolewa mwaka 1990 na Sharon Inouye na wenzake, mtakikuta sehemu nyingi. Kujifunza vipimo ni rahisi. Kazi ni kumzoesha mwanafunzi avitumie hata kwa mgonjwa ambaye hamsumbui mtu. Na mwenye dimenshia ya kweli pia anapata deliriamu, tena kirahisi kuliko wengine, kwa hiyo jibu la "huyu yuko hivyo siku zote" msilikubali mpaka aliseme mtu anayeishi naye.

Dawa nazo ni somo la kukaa nalo. Mimi huwa naomba ndugu walete dawa zote zilizopo nyumbani, zote kabisa, za hospitali, za duka, za kuazima kwa jirani, tunazimwaga mezani na wanafunzi wanazipanga kwa kuuliza kila moja ilianza lini na kwa sababu gani. Mara nyingi mnyororo unajitokeza wenyewe pale mezani. Mzee kaanzishiwa amlodipini ya presha, miguu ikavimba, akaongezewa dawa ya kukojoa kupunguza uvimbe, akaanza kujikojolea, akaongezewa dawa ya kuzuia mkojo, hiyo ya mwisho ikamchanganya akili, na sasa kuna mtu anataka kumpa ya usingizi kwa sababu usiku hatulii. Dawa nne na ugonjwa wenyewe ni mmoja tu, ile presha ya mwanzo. Mwanafunzi akiliona hilo kwa macho yake hasahau maisha. Ipo pia orodha ya Beers, ilianza mwaka 1991 na American Geriatrics Society, chama cha wataalamu wa afya ya wazee cha Marekani, waliifanyia marekebisho tena 2023, inataja dawa ambazo kwa wazee ni bora kuziepuka. Itumieni kufungulia mazungumzo, kwa sababu dawa ya kuepuka kwa huyu inaweza kuwa na sababu kwa yule, na usisimamishe dawa ya mtu kwa kishindo, nyingine zinapunguzwa taratibu.

Kutembea. Jamani mtoeni mzee kitandani. Misuli ya mzee anayelala inaisha haraka sana, aliyeingia kwa miguu yake anaondoka kwenye kiti cha magurudumu na ugonjwa uliomleta umeshapona. Kipimo chake hakina gharama: akae kwenye kiti, asimame, atembee mita 3, ageuke, arudi akae, wewe unaangalia saa. Akitumia sekunde 12 au zaidi yuko kwenye hatari ya kuanguka. Lakini msiangalie saa peke yake, angalieni mikono inavyosukuma kiti, anavyogeuka kwa hatua ndogondogo, viatu vinavyomzidi. Na presha mpimeni akiwa amelala kisha akiwa amesimama, ndani ya dakika 3, presha ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10 mmeshapata sababu moja ya kuanguka ambayo kuipima akiwa kitandani tu kamwe kusingewaonyesha.

Hii ya kuangalia mtu anaweza nini sio mpya hata kidogo. Mwaka 1935 kule Uingereza daktari Marjory Warren wa hospitali ya West Middlesex alikabidhiwa wagonjwa zaidi ya 700 wa jengo la jirani la kutunzia maskini, wengi wamelala miaka na hakuna anayetegemea waamke. Akapita kwa mmoja mmoja, akawachunguza upya, akawapanga, akawafanyisha mazoezi, na wengi wakanyanyuka, wengine wakarudi makwao. Mimi nikichoka huwa namkumbuka yule mama.

Sasa kufundisha. Slaidi zina nafasi yake ila fundisheni kitandani, na msimuongelee mgonjwa juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Vuta kiti ukae, uso wako na wake viwe sawa, mwanga uwe kwako ili aone midomo yako. Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la kulishana. Gawa wanafunzi wawili wawili, mmoja amlishe mwenzake kwa kijiko, kwanza mlishaji akiwa amesimama kisha akiwa amekaa. Akisimama, anayelishwa lazima ainue kidevu, na shingo ikiinuka hivyo chakula kinapata nafasi rahisi ya kuingia kwenye njia ya hewa, ndio maana wazee wanapaliwa. Darasa linakuwa kimya kabisa baada ya hapo. Nimeona daktari mwanafunzi akitokwa na machozi, alikumbuka alivyokuwa akimlisha babu yake.

Wachanganyeni fani. Siku ya kuzungumzia kuanguka mwache mtu wa mazoezi ya viungo aongoze na daktari akae asikilize, siku ya dawa aongoze mfamasia. Na ukiulizwa kitu hujui sema hujui, mkitafute wote pamoja, kwa sababu wanafunzi wanakuiga wewe kuliko wanavyolisikia somo, hasa wanavyokuona ukiwa na haraka. Ukimpita yule wa kimya ukiwa na haraka, nao watampita.

Mpe pia kila mwanafunzi mzee mmoja wa kumfuatilia mpaka anaporuhusiwa, na amuulize anachokijali yeye. Wanafunzi wangu waliwahi kumwandikia mzee mmoja, mwalimu mstaafu, matatizo 11 kwenye faili, presha, sukari, figo na kadhalika. Walipomuuliza yeye anataka nini akasema anataka aweze kwenda chooni usiku bila kumuamsha mke wake. Haikuwepo kwenye yale 11. Tukarudi kwenye dozi ya jioni ya dawa ya kukojoa tukaileta asubuhi, tukapanga na watu wa mazoezi namna ya kuinuka kitandani, tukaongea na familia kuhusu taa na kitu cha kushikilia ukutani.

Mkisema nyie mtaenda idara nyingine hivyo haya hayawahusu, shirika la afya duniani linasema ikifika 2030 mtu 1 kati ya 6 duniani atakuwa na miaka 60 au zaidi, kwa hiyo macho, mifupa, upasuaji, kote mtawakuta hawa hawa.

Jumatatu ukifika nenda kitanda cha kwanza kabla ya raundi. Angalia miwani ipo na ni misafi, meno ya bandia yapo, masikio hayajaziba nta, maji yako mahali mkono unafika. Muulize anapenda aitwe nani. Kisha mtafute anayeishi naye, kwa simu kama hayupo, umuulize ya wiki mbili zilizopita, na jibu uliandike juu kabisa ya faili ambapo wa zamu ya usiku ataliona.