Semuliki: msiishie kwenye maji moto, ingieni msituni

Mkuu, umesema mnakuja harusi Fort Portal wewe na shemeji na binti yenu wa miaka kumi na mmoja, mtabaki na siku mbili za bure, Serengeti mmeshaiona na safari hii mnataka hifadhi isiyo na msururu wa magari. Umeuliza kama Semuliki, hifadhi ya huku magharibi mwa Uganda mpakani na Kongo, inafaa, usalama ukoje, na kama mnaweza kuiunganisha na Ntoroko kwenye Ziwa Albert siku hiyohiyo. Mimi ni mtu wa Kigoma. Biashara ya kakao ndiyo iliyonileta Bundibugyo, na Sempaya, geti la hifadhi, napita mbele yake karibu kila wiki. Nitakujibu kwa kirefu kidogo, maana hifadhi hii wengi wanaiponda bila kuijua.

Nendeni. Ila kama mnakwenda kwa ajili ya chemchemi za maji moto peke yake, bora mbaki Fort Portal mle nyama choma.

Wageni wengi hufanya hivi: wanatoka Fort Portal asubuhi, wanafika Sempaya, wanapiga picha na mvuke, wanakula yai lililochemshwa chemchemini, wanageuza gari. Baada ya hapo wanasimulia kwamba Semuliki hakuna kitu. Siku moja nilimsikia dereva wa watalii akiwaambia wageni wake pale getini kwamba huko ndani ni miti tu. Hakudanganya, ni miti kweli, na nyuma ya hiyo miti ndiko kwenye hifadhi yenyewe.

Eneo lote ni kilomita za mraba 220, na ni ncha ya mashariki ya msitu wa Ituri wa Kongo. Mto Semliki ndio mpaka wa nchi, lakini msitu haujui habari hizo. Fort Portal mko juu, mita 1,500 na ushei, na asubuhi mtatafuta sweta. Mkishuka Sempaya mko kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, mita 700 hivi, na joto lenye unyevu linawapokea mkifungua tu mlango wa gari. Ndiyo sababu miti na ndege wa huku wana udugu na wa Kongo kuliko wa Uganda kwingine. Ndege walioorodheshwa ni zaidi ya aina 400, na baadhi yao Afrika Mashariki nzima huwapati ila hapa. Ulikuwa msitu wa hifadhi tangu 1932, enzi hizo ukiitwa msitu wa Bwamba, ukapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa Oktoba 1993. Wanaosomea misitu wanauhesabu katika misitu ya kale kabisa Afrika, ile michache iliyosalia wakati wa enzi ya barafu, pale misitu mingine ilipokauka na kugeuka nyika.

Sasa wewe uliyezoea Serengeti, jiandae. Kule unamwona simba kwa mbali ukiwa umekaa kwenye kiti. Huku unasikia kwanza, kuona baadaye, na mara nyingine kuona kwenyewe hakuna. Tembo na nyati wapo, lakini ukikutana na kinyesi chao shukuru. Sokwe wapo pia, ila hawajazoeshwa watu, kwa hiyo anayewaahidi kuwaona sokwe Semuliki anawauzia mbuzi kwenye gunia. Mtakaowaona ni mbega, kima wenye mkia mwekundu, na nyani waliokaa barabarani wakingoja ndizi kutoka madirishani. Msiwape.

Mkikuta kundi la kima linakula juu ya mti, msiwe na haraka ya kuendelea na safari. Tazameni matawi ya chini yao. Kuna hondohondo mwenye kishungi cheupe kichwani na mkia mrefu kupita kiasi ambaye huwafuata kima kwa makusudi: wanapotikisa matawi wadudu wanakurupuka, yeye anadaka. Nimewahi kusimama kama hatua kumi kutoka alipo. Kima aliruka, majani yakamwagika, panzi mkubwa wa kijani akachomoka. Hondohondo akamnasa kwa ncha ya mdomo, akarudi tawini, akamgongagonga pale mpaka miguu ikadondoka, kisha akamrusha juu na kummeza. Askari niliyekuwa naye alikuwa ameshaona hayo mara nyingi na bado alisimama kutazama hadi mwisho.

Njia za miguu ziko kadhaa na zote mnatembea na askari wa UWA, yaani mamlaka ya wanyamapori ya Uganda. Ya Kirumia ni kilomita 15, inakata msitu hadi mto Semliki, kazi ya siku nzima. Hiyo waachieni watu wa ndege wenye darubini shingoni. Ile waitayo Red Monkey ni kilomita 11 kwa kufuata ukingo wa mashariki wa hifadhi, nayo inafika mtoni, kama saa sita kwenda na kurudi. Kwa binti wa umri huo, ushauri wangu ni kuianza hiyo mapema mkiwa na askari mzuri, mkatembea saa moja na nusu au mbili kwenda ndani, mkageuza. Mwambieni mapema kabisa kwamba hamna shida ya kufika mtoni, mnataka kwenda polepole na kusimamasimama. Askari wengi wamezoea wageni wanaotaka kumaliza kilomita. Mkimwambia hivyo naye anatulia, anaanza kuwaonyesha vitu: mti wa muhimbi wenye mizizi iliyosimama kama kuta, alama za nguruwe kwenye tope, vipepeo waliotua kwa mafungu penye mkojo wa mnyama. Mwulizeni majina ya miti kwa Lubwisi, lugha ya wenyeji wa huku.

Ardhi ni tambarare na maji hukaa. Mvua kubwa ni Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Desemba, na katika miezi hiyo kuna vipande vya njia ambavyo ni kuvuliana viatu. Januari, Februari, na kati ya Juni na Agosti ni afadhali. Vyovyote iwavyo vaeni gambuti, suruali ndefu, na soksi ndefu zilizovutwa juu ya pindo la suruali. Sababu ni siafu. Mtu akishapandwa nao, heshima yote ya mbele ya watu huishia palepale.

Chemchemi zenyewe ni mbili, sisemi msizione. Ya kike, Nyansimbi, iko karibu na geti: maji yanachemka kikwelikweli na kuruka juu kutoka kwenye kichuguu cha chumvichumvi, na ardhi iliyoizunguka ina rangi ya kijivu na njano. Hapo ndipo mayai na ndizi huchemshwa. Binti mshike mkono muda wote, maana gamba la juu ni jembamba sehemu nyingine na chini yake ni maji ya moto. Msitoke kwenye njia aliyoonyesha askari. Ya kiume, Bintente, ni bwawa pana lenye mvuke, na kuifikia ni mwendo wa nusu saa hivi kupitia msitu na majani ya kinamasi. Wanaoishia ya kike hukosa huo mwendo, na binafsi nauona ni mzuri kuliko bwawa lenyewe. Wazee wa hapo husimulia kwamba mwanamume mmoja alikwenda kuwinda asirudi, ukaonekana mkuki wake tu pale bwawani. Mkewe akamfuata, naye akapotelea kwenye chemchemi ya pili. Mkisimuliwa, sikilizeni kwa adabu, kwa kuwa kuna ukoo unaofanya matambiko yake pale mpaka leo.

Lala huko, usiku mmoja. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote. UWA wana kambi Bumaga, karibu na Sempaya, yenye banda za kulala na mahali pa kupiga hema, na mjini Bundibugyo kuna nyumba za wageni za bei ya kawaida. Bumaga ni bora kwa sababu mnaamka mkiwa tayari mko msituni, na saa kumi na mbili unusu asubuhi ndege ndio wanazungumza; ikifika saa nne joto limeshawanyamazisha. Usiku mnaweza kumsikia nkulengu, ndege wa ardhini ambaye dume na jike hupokezana sauti moja nzito kwa muda mrefu bila kuchoka. Mweleze binti kabla hajalala, la sivyo mtaamshwa wote.

Chakula pangeni wenyewe. Kambini msitegemee kupata kila kitu, ingawa senta za barabarani hazikosi wali, maharage, samaki wa Ziwa Albert na sombe, yaani kisamvu, iliyoungwa mawese. Roleksi ya moto ya asubuhi nayo ipo, chapati na mayai, inatosha hadi mchana. Mayai ya chemchemini nunueni kabla ya kufika getini.

Barabara ni lami tupu. Sempaya ni kilomita 52 hivi kutoka Fort Portal, na taksi za abiria za Bundibugyo zinawashusha getini mkimwambia kondakta. Kabla ya lami, kile kipande cha Buranga kinachozunguka ncha ya kaskazini ya milima ya Rwenzori kilikuwa kinalaza malori ya kakao siku mbili. Leo shida ni madereva wanaokishuka kama wanafukuzwa. Mkikodi gari, mwambieni asimame juu kabla ya kushuka: bonde lote liko chini yenu, mto unajikunja katikati, na upande wa pili ni Kongo. Mkishafika chini mtaona kakao imeanikwa kwenye maturubai pembeni mwa lami, na harufu kama ya siki itaingia dirishani. Hiyo ndiyo riziki yetu.

Usalama. Sitakuficha. Kati ya 1997 na 1999 waasi wa ADF walikuwa ndani ya msitu huu na hifadhi ikasimama kazi. Desemba 2022 kundi lao lilivuka mto Semliki likaingia Ntoroko, jeshi likapambana nalo. Juni 2023 walishambulia shule Mpondwe, na Oktoba mwaka huo wakaua watalii wawili na mwongozaji wao katika hifadhi ya Queen Elizabeth. Zote hizo ni wilaya za mpakani kama yetu. Tangu Novemba 2021 jeshi la Uganda liko ng'ambo likiwafuata hukohuko Kongo, na upande huu mtakutana na askari na vizuizi. Mimi naishi hapa na familia, watoto wanakwenda shule. Hata hivyo siku moja kabla ya kuondoka Fort Portal pigeni simu ofisi ya UWA mwulize hali ilivyo, msisafiri barabara hiyo usiku, na msiingie msituni bila askari hata kama kijana wa bodaboda atasema anajua njia.

Mbu nao msiwadharau. Kirusi kinachoitwa Semliki Forest, ambacho maabara nyingi duniani hukitumia kwa utafiti, kilipatikana kwa mbu wa huku mwaka 1942. Dawa ya malaria, mafuta ya kufukuza mbu, na kadi ya homa ya manjano ambayo mpakani mtaulizwa hata hivyo.

Kiingilio, ninyi kama Watanzania mnalipa kiwango cha raia wa Afrika Mashariki, kwa shilingi za Uganda, ambacho ni kidogo mno kando ya dola wanazotoa wageni wa nje. Chukueni pasi au vitambulisho vya taifa, vinginevyo mtahesabiwa wageni wa kawaida. Muwe pia na kadi ya benki au hela kwenye laini ya simu ya Uganda, msitegemee noti peke yake.

Mtaonyeshwa pia Batwa wa Ntandi. Hawa waliishi ndani ya msitu kabla haujawa hifadhi, wakatolewa. Kuna watu barabarani watakaojitolea kuwapeleka mkachezewe ngoma kwa fedha za chapuchapu. Mimi sipendi, na sijawahi kumpeleka mgeni wangu. Kama shemeji anataka kuwatembelea, ulizeni getini ziara ipangwe kwa utaratibu na malipo yawafikie.

Ntoroko siku hiyohiyo, hapana. Watu huchanganya kwa sababu ya jina: kule ni Toro-Semliki, pori la akiba lenye nyika na swala, na kwenye Ziwa Albert mnapanda boti alfajiri kumtafuta korongo nyangumi, ndege mkubwa wa kwenye vinamasi. Njia zinaachana Karugutu, ya Bundibugyo inashika kushoto. Mkitaka zote mbili mtakuwa mnakimbizana na gari siku nzima, na ndicho mlichosema mmekichoka. Siku ya kwanza shukeni mchana, tembeeni hadi Bintente jioni jua likipoa, mlale Bumaga. Ya pili ingieni msituni alfajiri, mtoke saa tano, mwoge, mle, na saa tisa mko Fort Portal.

Mkipata nafasi wakati wa kurudi niambie, nitawapeleka mwone kakao inavyochachushwa kwenye masanduku chini ya majani ya migomba. Binti aje na nguo asizozionea huruma.