Bide kwenye nyumba ya kupanga

Simu ya keateka, mtunza jengo letu, ilinikuta ndani ya treni, tumesimama Mtito Andei. Nilikuwa nimetoka nyumbani South C, Nairobi, saa kumi na mbili asubuhi. Sasa ilikuwa saa nne na nusu.

"Bosi, uko kwa nyumba?"

"La, niko safarini, naenda Mombasa. Kuna nini?"

"Maji inatoka kwa mlango yako. Imeshuka ngazi mpaka geti."

Kufikia hapo alikuwa ameshafunga koki za wapangaji watatu akiitafuta yangu, maana kwenye lile kabati la mita hakuna koki hata moja iliyoandikwa namba ya nyumba. Alipoipata, matangi mawili ya juu ya paa, ya lita 5,000 kila moja, ambayo nyumba 18 zilikuwa zikiyatumia tangu Jumanne, yalikuwa yamebaki na tope la chini tu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Maji ya kaunti kwetu huja Jumanne.

Kilichopasuka ni tii ya plastiki, kiungio cha paipu chenye midomo mitatu, kipande kisichozidi kidole gumba, kilichokuja bure ndani ya pakiti ya shatafa niliyoinunua shilingi 850.

Kwa asiyeijua, shatafa ni ile bomba ndogo ya mkono inayoning'inia kando ya choo. Ukiibinya inarusha maji ya kuchambia. Hiyo ndiyo bide ya watu wengi hapa Nairobi. Ukienda Eastleigh utazikuta kwenye hadiwea zimening'inizwa mlangoni kama tasbihi. Bide ya asili yenyewe ni kibeseni cha kauri kinachokaa sakafuni kando ya choo. Jina ni la Kifaransa na maana yake ni farasi mdogo, kwa kuwa unaipanda. Waitalia waliitia kwenye kanuni za nyumba tangu 1975, kila nyumba iwe nayo. Halafu kuna ya kufunga chini ya kiti cha choo, kidude cha plastiki chenye kishikio ubavuni, na kuna viti vya choo vya umeme ambavyo kampuni ya TOTO ya Japani ilianza kuviuza mwaka 1980 kwa jina la Washlet. Mimi nimetumia shatafa na ya chini ya kiti. Ya umeme nimeiona ikitoa moshi, nitafika huko.

Nisieleweke vibaya. Nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, na sisi tulizaliwa tukalikuta kopo chooni. Anayetoka msalani bila kugusa maji mimi humwonea huruma. Kwa hiyo simlaumu mtu kwa kutaka maji, na wala sitamshauri arudi kwenye karatasi. Lawama yangu ni kwamba kopo ni lako, bomba si lako. Siku unapofunga bide, unakuwa umeunganisha sehemu yako ya siri kabisa ya siku na tangi la mwenye nyumba, plamba wa keateka na ratiba ya mgao ya jiji zima. Na wote hao hawakujui.

Tuanze na ile tii, kwa sababu hapo ndipo pesa zilipotoka. Bomba la kawaida la sinki lina koki yake. Ukifunga, maji yamekomea hapo. Shatafa haiko hivyo. Kinachozuia maji ni kishikio kilicho mwishoni kabisa, mkononi mwako, kwa hiyo ukiiacha bila kufunga koki ya ukutani, paipu yote na viungio vyake vinabeba presha usiku na mchana. Plastiki hiyo ina nyuzi nyembamba za kuskrubia, na plamba wangu aliikaza kwa spana mpaka ikalia. Nilisikia ule mlio nikadhani ndiyo kazi nzuri. Ulikuwa ufa. Ulingoja kama miezi mitano hivi.

Hesabu ya siku ile ilikuwa hivi. Bauza, yaani lori la maji, ya lita 10,000 kwa ajili ya majirani, shilingi 8,000. Dari ya jirani wa ghorofa ya tatu, kupaka upya. Godoro la mwanawe. Mlango wangu wa choo, ambao ni wa mbao zilizobanwa kwa gundi, ulivimba chini kama mkate kwenye chai na haujafungika tena. Na barua ya ajenti, iliyouliza ni nani aliyeniruhusu kubadilisha mfumo wa maji wa nyumba isiyo yangu. Nilifungua mkataba kutafuta pa kujitetea. Kipengele kilikuwepo, na nilikuwa nimekitia sahihi.

Kwa mpangaji basi, kabla ya kuuliza bei, muulize mwenye nyumba, na akikubali omba iandikwe. Usitoboe vigae kwa ajili ya kile kiango cha kutundikia. Tumia kile cha kushika ukingo wa tangi la choo. Tii nunua ya shaba, hata ikiwa ghali kuliko shatafa yenyewe, na mwambie fundi aikaze kwa mkono kwanza, spana iwe ya mwisho na robo mzunguko tu.

Sasa presha. Maji ya tangi hupata nguvu kutokana na urefu wa kushuka: kila mita 10 ni kama bar 1, bar ikiwa kipimo cha presha. Mimi niko ghorofa ya nne kati ya sita, maji yananifikia na nguvu ya wastani. Rafiki yangu wa ghorofa ya juu kabisa, kwenye jengo jingine, tangi liko mita tatu tu juu ya kichwa chake, yaani bar 0.3. Alifunga ile ya chini ya kiti na kazi yake ikawa kudondoka matone kama bomba bovu. Wa chini kabisa naye anapata mara kadhaa ya hiyo, na kidude ni kilekile, kishikio ni kilekile. Dada mmoja wa ghorofa ya kwanza aliniambia mara ya kwanza kuifungua aliruka kama aliyekalia siafu. Muuza duka hatakuuliza unakaa ghorofa ya ngapi. Jipime mwenyewe kabla ya kwenda.

Halafu kuna mgao. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi inatoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na tangu bwawa liliposhuka na ratiba ya mgao kuanza 2017, sisi wa mitaani tumejifunza kuhesabu wiki kwa maji, si kwa mshahara. Siku maji yakikatika, bide yako ni pambo. Utachukua mtungi wa lita 20 na kopo kama kawaida. Hilo ni usumbufu tu, linavumilika. Lisilovumilika ni hili la pili, na ningependa ulisome polepole.

Chukua shatafa ambayo kichwa chake kimedondoka ndani ya bakuli la choo, jambo linalotokea kila siku kwenye nyumba yenye watoto. Kishikio kimechoka, hakifungi sawasawa. Keateka anafunga koki kuu juu ya paa ili asafishe tangi. Mtu wa ghorofa ya chini anafungua bomba lake. Maji yaliyobaki kwenye paipu yanashuka kwake, na yakishuka yanavuta kilicho nyuma yao: hewa, au maji ya choo chako. Paipu hiyohiyo ndiyo inayolisha sinki unapopigia mswaki. Uingereza, kanuni zao za maji zinaliweka bomba la mkono la chooni kwenye daraja la 5, lile la hatari zaidi, kwa sababu hiyohiyo ya maji machafu kurudi nyuma. Na kule maji hayakatiki kila wiki. Kwetu hapa, ambapo paipu zinakauka na kujaa tena kila baada ya siku kadhaa, nani anakagua? Kiango kikae juu ya ukingo wa bakuli, paipu iwe fupi isiweze kufika majini hata ikidondoka, na ukimaliza funga koki ya ukutani. Kuna valvu ndogo ya kuzuia maji yasirudi. Iweke, ila usiifanye ndiyo kinga pekee.

Baridi nitaitaja haraka kwa kuwa kila mtu anaijua. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai, saa kumi na moja alfajiri, maji yaliyolala juu ya paa si maji ya Mombasa. Kopo unaweza kulichanganya na maji ya moto ya birika. Bide haichanganyi.

Ndiyo maana watu hutamani kiti cha umeme. Huyo rafiki yangu wa ghorofa ya juu alinunua kimoja cha mtumba kutoka Japani, sawa na tunavyonunua magari. Kilikuwa kizuri, nakiri. Vitufe vyote vilikuwa vimeandikwa Kijapani. Tulisimama wawili chooni na simu tukitafsiri, hiki ni cha nyuma, hiki ni cha kina mama, hiki tusikiguse. Hakuna kati yetu aliyegeuza kiti kusoma kibandiko cha chini. Japani umeme wa nyumbani ni volti 100. Wetu ni 240. Alichomeka kwenye waya wa nyongeza uliopita chini ya mlango kutoka sebuleni, kwa sababu vyoo vyetu havina soketi, na haviwi nayo kwa sababu nzuri. Tulisikia "tap!", ukaja moshi mwembamba wenye harufu ya plastiki, na giza nyumba nzima. Nashukuru giza hilo, maana yake swichi ya usalama ilifanya kazi. Ukiwa kweli unakitaka, nunua cha volti 220 hadi 240, na fundi wa umeme mwenye leseni akuwekee laini yake yenye ardhi na kinga ya kukata umeme ukivuja. Kisha kumbuka kwamba kile chenye kitangi chake hupasha maji mchana kutwa, uwe unakitumia au la, na tokeni za umeme zinakatwa.

Kuhusu mwili nitasema kidogo, mimi si daktari. Wahenga walishasema kuchamba kwingi huondoka na mavi, na nadhani walikuwa wanazungumzia mengine, lakini hata kwa maana yake ya wazi wamepatia. Nilipokuwa mgeni wa ile ya chini ya kiti nilikuwa naifungulia mpaka mwisho, mara tatu nne kwa siku, kwa raha tu. Baada ya wiki mbili nikaanza kuwashwa. Daktari aliniuliza maswali mawili, akacheka, akaniambia ngozi ya pale ni laini na nimekuwa nikiiosha kama gari: punguza nguvu, acha sabuni, kausha kwa kugonga-gonga taratibu bila kusugua. Kwa wanawake aliongeza kwamba maji yaende kutoka mbele kurudi nyuma, kamwe yasije kinyume, na kile kidude cha chini ya kiti kinachorusha kutoka nyuma kinaweza kuzisukuma mbele zile bakteria ambazo hazitakiwi huko.

Na kukausha lazima. Hapa ndipo ile hesabu ya wanaosifia bide, "utaokoa pesa za tishu", inapovunjika. Nyumbani kwangu tishu imepungua, haijaisha. Tulijaribu taulo ndogo, kila mtu na rangi yake. Ndani ya siku nne watoto walikuwa wameshabadilishana rangi, tukaacha.

Wageni ni sura nyingine. Mfanyakazi mwenzangu alikuja kula chakula cha mchana, akaenda msalani, akakawia. Tukasikia maji yakipiga kioo, kisha kimya kirefu. Alirudi mezani amefunga koti vifungo vyote, kwenye jua la Februari, na hakuna aliyemuuliza. Nadhani alikibonyeza akiwa amesimama, kuona kinafanya nini. Siku hizi mgeni akiuliza choo kiko wapi namwonyesha na kishikio, hata kama ni mkubwa wangu. Aibu ya dakika moja ni nafuu.

Je, nimeing'oa? Sijaing'oa. Ile ya chini ya kiti niliitoa kwa sababu ilikuwa inatikisa kiti na kukusanya uchafu chini yake mahali ambapo brashi haifiki; kuisafisha ilibidi nifungue skrubu mbili kila Jumamosi. Shatafa imebaki, yenye tii ya shaba, paipu fupi, na koki ambayo inafungwa kila mara mtu akimaliza. Mama yangu alipokuja kututembelea aliiangalia kwa muda, akaniuliza, "Na maji yakikatika, mwanangu?" Nikamwonyesha kopo nyuma ya mlango. "Haya," akasema, akalichukua hilohilo kopo, na kwa wiki tatu alizokaa kwangu shatafa hakuigusa.

Kule kwenye kabati la mita nimeandika namba ya nyumba yangu juu ya koki kwa rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu. Wapangaji wengine wameona, nao wanaandika zao, mmoja zambarau, mwingine waridi yenye kumetameta. Keateka analalamika kwamba kabati limekuwa saluni.