Kabla ya Kubandika Kioo, Uchunguzeni Ubao

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa kijana wa Kaliua aliyejitengenezea meza ya sebuleni na kuipamba kwa vigae vidogo vya kioo. Alianza kwa adabu, "Shikamoo dada," kisha akauliza ni gundi gani iliyo kali kuliko zote, kwa kuwa vigae vyake vimeanza kubanduka mstari kwa mstari, na grauti aliyoijaza katikati yake imepasuka kana kwamba imechanjwa kwa kisu. Niliposoma maneno "mstari kwa mstari" nilijua papo hapo kwamba gundi yake haina kosa, kwa sababu mstari kama huo uliwahi kunitoa machozi.

Miaka minne iliyopita mama mmoja mwenye nyumba ya wageni hapa Tabora aliniagiza meza ndefu ya chumba cha mapokezi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya kwanza ya malipo tangu mjomba wangu, seremala wa Isevya aliyenifundisha kushika randa, aniruhusu kufanya kazi peke yangu. Niliagiza kutoka Dar es Salaam shiti nane za vigae vya milimita 20 kwa 20, kila shiti ikiwa na vigae 225, yaani vigae 1,800 kwa meza moja, vingine vya bluu na vingine vya kijani cha majani machanga ya mwembe. Baada ya kulipia vigae na usafiri, fedha iliyobaki haikutosha kununua mninga, hivyo nikachukua mbao za mti wa mtundu ambazo hazijakauka, nikaunganisha mbao tano ubavu kwa ubavu, nikazipiga randa na msasa hadi zikawa laini kabisa. Ilikuwa Februari, mvua zimekolea. Mjomba alipitisha kiganja juu ya mbao zile akasema, "Hizi bado mbichi, mama. Zisubiri." Nilimjibu kwamba kioo kitazifunika.

Siku ya kuipeleka meza ile, wageni waliokuwa pale walisimama kuitazama, nami nilijiona nimefika. Mvua zilikoma, kiangazi kikaingia, na kufikia Agosti nyufa nne zilikuwa zimejichora juu ya meza, moja kwa kila kiungo cha mbao, na vigae vilivyokaa juu ya viungo hivyo vilikuwa vimeinuka au kukatika. Mama yule aliirudisha kwa mkokoteni mchana kweupe, majirani wakitazama, akaniambia, "Binti yangu, mimi nilinunua meza, sikununua vigae vya kuokota sakafuni." Nilimrudishia fedha yake yote. Kuhusu meza alisema kweli, na sina neno. Kilichoniumiza, na bado kinaniuma ninapoandika haya, ni kusikia baadaye kwamba aliwaambia watu kuwa hayo ndiyo matokeo ya kumpa mwanamke kazi ya useremala.

Mbao hazikupasuka kwa sababu zilipigwa randa na mwanamke. Ubao unapokauka husinyaa sana katika upana wake na karibu hausinyai kabisa katika urefu wake, na hata baada ya kukauka huendelea kutanuka mvua zinapokuja na kunywea wakati wa kiangazi. Kioo hakifanyi hivyo. Ukivifunga viwili hivyo pamoja, ubao utavuta, kioo kitakataa, na ufa utatokea pale penye udhaifu, ambapo kwa kawaida ni kwenye kiungo. Mtundu hujikunja sana unapokauka, ilhali mninga hutulia, na si bure kwamba wazee wetu waliutaka mninga kwa milango na vitanda. Waliowahi kufika Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam, wameona makaburi ya nguzo ya karne ya 18 ambayo wajenzi wake walipachika mabakuli ya kaure ukutani. Nyuma ya kaure ile kuna chokaa na mawe ya matumbawe, vitu visivyosinyaa na kutanuka kwa misimu kama mti. Wajenzi wale walichagua kwanza kitu cha kubebea pambo, ndipo wakapachika pambo.

Sasa mimi sibandiki kioo juu ya mbao zilizounganishwa, hata ziwe za mninga. Uso wa meza huutengeneza kwa plaiwudi ya milimita 18, kwa kuwa matabaka yake yamepandanishwa, moja likienda huku na jingine likikingama, hivyo kila moja hulizuia jingine kusinyaa au kutanuka sana. Mninga huutumia kwa miguu na fremu tu, na matundu ya skrubu za kushikia plaiwudi huyarefusha kidogo ili fremu ipate nafasi ya kusogea bila kuivuta. Kwa meza ya ndani isiyomwagiwa maji mara kwa mara, gundi nyeupe ya mbao inatosha. Weupe wake ni faida pia, kwani vigae vingi vya kioo hupenyeza mwanga, na gundi ya kijivu iliyo chini huvifanya vionekane vichafu. Kwa meza ya nje gundi hiyo haifai, maana maji huilainisha.

Kukata vigae kwa koleo la magurudumu mawili hujifunzwa kwa siku moja, ila vaeni miwani ya kazi na mfagie kila chembe kabla watoto hawajapita pekupeku. Grauti isubiri saa 24 baada ya kubandika, nayo iwe ile isiyo na mchanga, kwa sababu mchanga hukwaruza kioo. Hapa kwetu kiangazi huikausha upesi mno, hivyo mimi hufanya kazi hiyo kivulini na kuifunika meza kwa kitambaa chenye unyevunyevu.

Meza niliyoitengeneza hivyo sasa imepita viangazi vitatu bila hata ufa mmoja, na ninajivunia kulisema hilo. Ndugu zangu, ninawaona vijana wengi wanaoiga picha za kwenye simu, wanahangaikia rangi na michoro, na hakuna anayeuliza ubao ulikatwa lini. Ulizeni! Mkinunua mbao, ulizeni. Mkipewa mbao za bure, ulizeni zaidi. Subira ya miezi michache ni nafuu kuliko aibu ya mkokoteni.

Na wewe mdogo wangu wa Kaliua, usinunue gundi nyingine. Kwa kuwa uliniambia umetumia gundi nyeupe, bandua vigae vyote taratibu na uviloweke katika maji ya uvuguvugu usiku kucha. Asubuhi gundi itakuwa imelainika na utaweza kuikwangua kwa ukucha, kisha vigae vitafaa kutumika tena, kama nilivyofanya mimi kwa vingi vya vile 1,800. Halafu nitumie picha ya meza yako, lakini ipindue kwanza, nione upande wa chini.