Mlango wa siri uliokwamisha mchezo

SWALI: Ndugu Mhariri, kila Jumamosi jioni huwaendeshea wenzangu wanne mchezo wa kuigiza hadithi kwa maneno na dadu uitwao Dungeons & Dragons. Juma lililopita niliuficha mlango wa siri nyuma ya rafu ya vitabu katika mnara wa mchawi. Wote wanne walirusha dadu, wote wakaukosa, tukabaki tunatazamana karibu saa nzima hadi chai ikapoa. Je, ningewaonyesha tu? – Msomaji, Mombasa

JIBU: La, ndugu yangu, ila hukupaswa kuufanya mlango huo kuwa njia pekee. Katika toleo la tano la mchezo huu, lililotoka mwaka 2014, jambo la ugumu wa wastani hudai jumla ya 15, yaani namba ya dadu pamoja na nyongeza ya ustadi wa mhusika, kwa hiyo mchezaji mwenye nyongeza ya 3 hana budi kupata 12 au zaidi kwenye dadu la pande 20, na hushindwa kwa namba 11 kati ya hizo 20. Wanne wa namna hiyo wakijaribu mara moja moja, uwezekano wa wote kuambulia patupu ni takriban asilimia 9. Mkosi wenu, basi, haukuwa wa ajabu.

Kabla ya dadu, muulize kila mmoja anafanya nini hasa. Akisema anavuta vitabu kimoja baada ya kingine, na kimojawapo ndicho kitasa, mlango umefunguka na dadu halina kazi. Akisema tu kwamba anatafuta, arushe; na akikosa, mlango uonekane vilevile, lakini rafu imesukumwa kwa pupa, chupa imeanguka na kupasuka, na nyayo zimeanza kusikika ghorofa ya juu. Kitabu cha mwendeshaji kinaruhusu ushindi wa gharama kama huo pale mchezaji anapopungukiwa alama moja au mbili. Mimi huutumia hata akipungukiwa kumi, na bado hakuna aliyenilalamikia.

Jumamosi ijayo msianze upya. Mwache mchawi mwenyewe atoke kwa mlango huohuo, taa mkononi, akifuata kitabu alichokisahau, awakute wageni wake wanne wameketi sakafuni.