Tezi dume: mzee kaambiwa apasuliwe wiki ijayo, mimi nilipitia hivi

Mkuu, pole kwa kuuguza. Umesema mzee ana miaka 70, kawekewa mpira wa mkojo, PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) imesoma 16, na daktari anataka kufungua tumbo wiki ijayo. Mimi nilianzia hapohapo.

2021, nikiwa na miaka 63, nilimeza dawa za mafua za dukani usiku, asubuhi mkojo ukagoma kabisa. (Baadaye niliambiwa baadhi ya dawa hizo hubana njia ya mkojo, mwenye tezi kubwa azikwepe.) Nikawekewa mpira, siku ya tatu wakapima damu: PSA 14. "Inaweza kuwa saratani, tutafungua tumbo tuitoe." Nilitoka pale nikigawa mashamba kichwani.

Aliyezuia haraka ile ni mke wangu. Tukaomba nakala za majibu na picha, daktari akatupatia bila kinyongo, tukapanda basi mpaka hospitali ya KCMC Moshi kwa daktari wa mkojo. Nakala muhimu mkuu, bila hizo mnaanza upya na mnalipa upya.

Yule wa pili aliuliza swali moja tu: hii 14 ilipimwa lini? PSA hupanda mkojo ukiziba, ukiwekewa mpira, ukiwa na UTI, na mimi nilikuwa na vyote vitatu. Akapima tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa (vumilieni, dakika haiishi), tezi ilikuwa laini. Akatibu UTI, akanianzishia tamsulosin (dawa ya kulegeza njia ya mkojo), wiki iliyofuata mpira ukatolewa nikakojoa mwenyewe. Sijawahi kufurahia choo namna ile. Baada ya wiki 6 PSA ikasoma 4.8, ultrasaundi ikaonyesha tezi gramu 58. Akaongeza finasteride (dawa ya kupunguza ukubwa wa tezi), tukawa tunafuatilia.

Tamsulosin inafanya kazi ndani ya siku chache, ila ukiinuka ghafla kizunguzungu. Niliwahi kuanguka chooni. Finasteride inataka subira ya miezi 6 hivi, na inashusha PSA karibu nusu. Kila atakayempima mzee lazima ajue kama anaimeza, la sivyo atafurahia namba ya uongo. Unga wa mitishamba nao nilijaribu, makopo matatu. Hela ilikwenda, mkojo ukabaki vilevile.

Upasuaji sikuukwepa lakini. 2023 nilifanyiwa TURP: chombo kinapitia njia ya mkojo, tumbo haliguswi. Hospitali ya kwanza haikuwa nacho, ndiyo maana hawakukitaja kabisa! Kwa hiyo mwulizeni daktari wenu: "Ungekuwa na vifaa vyote, mzee ungemfanyia nini?" Tezi ikiwa kubwa sana, zaidi ya gramu 80 hivi, kufungua tumbo bado ni njia inayokubalika, usimwone mkatili. Kitu ambacho hakuna aliyeniambia mapema: baada ya TURP shahawa mara nyingi hurudi kibofuni badala ya kutoka nje. Mimi watoto nimeshamaliza, mama watoto alicheka tu. Mwenye mpango mwingine aulize kabla.

Ila figo zikiwa zimeguswa, ana homa, mgongo unamuuma usiku, au daktari kagusa tezi ngumu yenye vinundu, msizunguke. Daktari wa pili mwoneni ndani ya siku hizihizi. Na kama wanashuku saratani, waulizeni kinyama kitakatwa lini kupimwa.

Kriatini yake (kipimo cha damu cha figo) imesoma ngapi, na tezi ina gramu ngapi? Tuwekee hapa leo kabla hamjasaini chochote.