Uliza Karani: Kama ni hadithi ya kubuni, mbona twawajua wenyewe?

*Shikamoo Mzee Karani. Mimi ni msomaji wako wa hapa Maweni, Malindi. Juzi tulitazama nyumbani kipindi cha zamani cha Law & Order, tamthilia ya Kimarekani ya polisi na korti, kile cha mwaka 1990 cha mtoto wa kike aliyekufa kwa kipigo katika nyumba ya wasomi. Wasema ni hadithi ya kubuni, kisha mwisho lapita tangazo kueleza kesi ya kweli ilivyokwenda. Mama mkwe, ambaye jamaa zake waliingia msitu wa Shakahola kumfuata mhubiri anayedaiwa kuwahimiza watu wafunge hadi kufa, wasitoke, akainuka akazima TV. Akasema, "Kesho watatuigiza sisi." Je, wana ruhusa? Na kaka yangu ana kikundi cha maigizo, ataka kuandika mchezo wa mambo hayohayo ya Shakahola. Nimwambieje?*

Marahaba mwanangu. Mpe mama mkwe pole yangu kwanza, mengine baadaye.

Kipindi mlichotazama chaitwa "Indifference". Nyuma yake kuna mtoto wa kweli, Lisa Steinberg, aliyefariki New York mwezi Novemba 1987 akiwa na miaka 6. Aliyekuwa akimlea, Joel Steinberg, alikuwa wakili. Mamake mzazi alimkabidhi mtoto ili amtafutie familia ya kumlea kwa njia ya sheria. Bwana yule akabaki naye, bila hati yoyote ya korti. Mwaka 1989 alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Mwanamke aliyeishi naye, Hedda Nussbaum, ambaye naye uso ulikuwa umeharibiwa kwa ngumi, alifutiwa mashtaka akatoa ushahidi dhidi yake. Watu wa tamthilia walibadilisha majina, kazi na mwisho wa kesi. Kwa kuwa kila Mmarekani alimtambua nani ni nani, ikabidi wajieleze. Ndiyo lile tangazo.

Kuhusu ruhusa: wanayo. Mambo yakishasemwa katika korti ya wazi na kuandikwa magazetini, hakuna wa kuyawekea kufuli. Ile "hadithi ya kubuni" waibandika ili wasishtakiwe, wala haiwakingi kila mara. Kipindi chao kimoja cha 2003 kilikuwa na wakili mhongaji mwenye asili ya Kihindi, kichwa upara. Wakili mmoja wa kweli wa New York, naye Mhindi na upara wake, na jina linakaribiana, akaenda kushtaki. Mwaka 2008 jaji akakataa kuitupa kesi hiyo. Lakini angalia, huyo alikuwa hai. Katika sheria tuliyorithi kwa Waingereza, marehemu hachafuliwi jina. Aliyezikwa hana wa kumlalamikia kortini, hata mwanawe. Kwa hiyo jamaa za mama mkwe waweza kuigizwa na yeyote, vyovyote atakavyo. Sikufichi, sheria imekaa hivyo, na mimi siipendi.

Ila mwanangu, kinachoniudhi zaidi katika vipindi hivi ni saa. Nimekaa chini ya meza ya hakimu hapa Malindi hadi nikastaafu, kazi yangu kupanga majalada na kuita majina. Kule kwenye TV maiti yaonekana kabla chai haijapoa, na kabla ya saa kwisha baraza la wazee wa mahakama limesharudi na uamuzi. Kwetu mama atatoka Marafa alfajiri, dumu la maji mkononi na kanga ya akiba begani, akae kwenye benchi la nje hadi adhuhuri. Nitamwita, ataingia, na upande wa mashtaka utasimama kusema shahidi hakufika. Hakimu ataandika tarehe nyingine. Mama ataniuliza, "Karani, kwani wamesemaje?" Nami nitamwandikia ile tarehe kwenye kipande cha karatasi, aikunje mara nne na kuifunga kwenye pindo la kanga. Hilo hujaliona kwenye Law & Order, maana hakuna atakayekaa kulitazama.

Tazama Shakahola yenyewe. Makaburi yalianza kufukuliwa Aprili 2023, na miili ikapita 400. Jamaa wakatolewa sampuli za DNA ili miili itambuliwe, na kwenye tamthilia majibu hayo huja baada ya matangazo ya sabuni. Hapa familia za kwanza zilikabidhiwa miili ya jamaa zao katika mochari ya hospitali ya Malindi Machi 2024, karibu mwaka mzima, na hiyo ilikuwa michache tu. Yaelekea mama mkwe alizima TV kwa sababu hiyo. Aona watu wa kule wapata jibu kwa haraka.

Sasa kaka yako. Mwambie aandike, lakini ajue mambo mawili matatu. Akipiga video ya kuuza au kuonyesha hadharani, apate leseni ya kupiga filamu, na filamu yenyewe aipeleke kwa bodi ya uainishaji wa filamu. Asidharau karatasi hiyo: Desemba 2023 korti ya papa hapa Malindi ilimfunga mhubiri yuleyule wa Shakahola, Paul Mackenzie, mwaka mmoja kwa kuendesha studio na kusambaza filamu bila leseni, hata kabla hajasomewa mashtaka ya vifo. Februari 2024 yeye na wenzake wakafikishwa Mahakama Kuu ya Malindi kwa mauaji ya watoto 191, wakakana. Mtu aliyekana shtaka haitwi muuaji jukwaani kabla jaji hajasema. Kwa hiyo asimwandike yeye. Aandike nyumba moja iliyouza mbuzi na mashine ya kushonea ili ipate nauli ya kwenda msituni, na jirani aliyenunua ile mashine kwa bei ya kutupa bila kuuliza wanahamia wapi. Hapo hakuna wa kumshtaki, na watazamaji wa Kilifi nzima watamjua jirani huyo.

Majina ya wahusika ayabuni, na kabla ya kuyaandika amsomee mama mkwe orodha nzima. Akikunja uso kwa jina lolote, alifute bila kumwuliza sababu.