Akiona geti la zahanati anaanza kutetemeka

SWALI: Sista, shikamoo. Mwanangu wa miaka minne alimwagikiwa uji wa moto mguuni. Kila baada ya siku mbili nampeleka kubadilishwa bendeji, na akiliona geti tu anaanza kutetemeka. Naambiwa nimkandamize, atazoea. Hakuna namna nyingine? — Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Poleni sana, wewe na mtoto. Namna ipo, na una haki ya kuidai.

Nimefunga vidonda vya moto kwa miaka mingi. Mara nyingi mtoto hupewa dawa ya maumivu mlangoni, na gozi, kile kitambaa chepesi kinacholala juu ya kidonda, likavutwa papo hapo. Parasetamoli ya maji huchukua nusu saa hadi saa nzima kufanya kazi, kwa hiyo mpe mkiwa bado nyumbani. Kipimo ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito. Akiwa na kilo 16 ni miligramu 240. Kama chupa imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, mpe mililita 10, upime kwa bomba la sindano, si kijiko cha chai. Mtajie muuguzi saa uliyompa, asije akarudiwa dozi.

Halafu gozi lenyewe. Likikauka hushikamana na ngozi changa, na ukilivuta unaichuna upya. Omba lilowekwe kwa maji ya chumvi ya hospitali, yasiwe ya baridi, mpaka liachie. Foleni ni ndefu, najua, nami nimeshika zamu peke yangu. Bado nasema: subirini liachie.

Kumkandamiza, hapana! Mpakate, mgongo wake kifuani pako, muuguzi aachiwe mguu tu. Mwache afungue mwenyewe mzunguko wa kwanza wa bendeji. Mkubaliane kwamba akisema "basi", mikono inasimama hadi ahesabu tano, na kweli isimame. Katuni za kwenye simu husaidia, ila ziwashwe kabla bendeji haijaguswa.

Akiendelea kuumia hivyo hivyo, parasetamoli peke yake haitoshi, mwone daktari. Hospitali hutumia mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, na kwa vidonda vikubwa ketamini, dawa ya usingizi inayotuliza maumivu, chini ya mtu aliyefunzwa. Wazazi wengi huogopa mofini wakidhani mtoto atakuwa teja. Dozi chache zinazosimamiwa na daktari hazimfikishi huko, na mtoto asinyimwe nafuu kwa hofu hiyo.

Maumivu yakizidi siku ambayo kidonda hakijaguswa, au ukiona homa, usaha au harufu mbaya, usingoje tarehe ya kwenye kadi. Mpeleke siku hiyo hiyo.